Namna ya kuchagua kitabu chako cha kwanza cha Linux ukiwa Lubumbashi

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mwenye laptopi ya mkono wa pili yenye Core i5 ya kizazi cha 4 au cha 6 amebaki njia panda, na laptopi za aina hiyo zimejaa kwetu, kuanzia Katuba hadi Ruashi. Ndiyo maana vijana wengi siku hizi wananiuliza swali moja: nataka kuhamia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ninunue kitabu gani?

Mimi huanza kwa kuuliza habari za mashine. Kitabu kinaweza kuwa kimeandikwa vizuri sana na bado kisikufae, kwa sababu kinaelezea skrini usiyoiona, kibodi usiyo nayo, na intaneti ambayo mega zako hazitoshi. Kwa mtu anayejifunza peke yake nyumbani, kitabu kizuri ni kile ambacho anaweza kufuata maelekezo yake leo usiku, kwenye kompyuta aliyo nayo. Hatua zote hapa chini zinatokana na hapo.

Hatua ya 1: Ijue mashine, kisha chagua Linux yenyewe

Ukiwa bado ndani ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha nakili kwenye daftari mambo matatu: jina la prosesa, ukubwa wa RAM, na kama mfumo ni wa biti 64 (itaandikwa x64). Angalia pia diski ina nafasi kiasi gani. Daftari hilo ndilo utakwenda nalo kwa muuzaji wa vitabu.

Kwa usahihi, Linux ni kiini (kernel) tu, ile sehemu ambayo Linus Torvalds alianza kuitoa mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Unachosakinisha ni kiini hicho pamoja na mamia ya programu zilizokusanywa na kikundi fulani: Debian, Ubuntu, Linux Mint, Fedora na nyingine nyingi. Kwa anayetafuta kitabu, la kuangalia ni ukoo. Ubuntu imejengwa juu ya Debian, na Mint imejengwa juu ya Ubuntu, kwa hiyo zote tatu zinaweka programu kwa amri ile ile, apt. Fedora na Red Hat zinatumia dnf. Ukisoma kitabu cha Fedora huku mashine yako ina Mint, utakwama kwenye sura ya kwanza ya kuweka programu.

Ushauri wangu kwa mwenye RAM ya GB 4 ni Linux Mint, hasa ile yenye mazingira (yaani madirisha na menyu za skrini) ya Xfce ambayo ni mepesi. Mint inahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache, lakini kwa GB 4 ndipo utapumua. Ubuntu 24.04 inaanzia GB 4, na kwa kazi za kila siku ningependa uwe na 8. Kama mashine ni ya biti 32 tu, Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo toleo la mwisho la Debian lililokuja na kisakinishi cha biti 32. Kwa mashine ya namna hiyo weka akiba ya kununulia mashine nyingine kabla ya kununua kitabu.

Ukishachagua, unatafuta kitabu cha Ubuntu, cha Mint au cha Debian. Kitabu cha Ubuntu kitamsaidia mwenye Mint kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, karibu kila mahali, ila picha za skrini hazitafanana.

Hatua ya 2: Tazama kibodi

Waandishi wengi hawagusi jambo hili kabisa, na kwetu linasumbua watu kila siku. Laptopi nyingi hapa zina kibodi ya AZERTY, na AZERTY yenyewe ni mbili: ya Ufaransa na ya Ubelgiji. Kwa barua huoni tofauti kubwa. Kwa amri za Linux tofauti inakufikia mara moja, kwa sababu alama ambazo Linux inazitumia kila dakika ndizo zilizohamishwa.

Kwenye AZERTY ya Ufaransa, mstari wa kusimama | unaupata kwa AltGr (kitufe kilicho kulia kwa kile cha nafasi) na 6, mkwaju wa nyuma \ kwa AltGr na 8, alama ya ~ kwa AltGr na 2, na @ kwa AltGr na 0. Kwenye ya Ubelgiji, | iko kwa AltGr na 1, na @ iko kwa AltGr na 2. Mtu aliyenunua mashine iliyotoka Brussels akasakinisha Linux kwa kuchagua tu «Français» atabonyeza anachokiona kwenye kitufe, na skrini itaandika kitu kingine. Atadhani kitabu kina makosa. Kwenye kisakinishi achague mpangilio wa Ubelgiji, na mambo yatanyooka.

Kitabu cha Kiingereza karibu kila mara kinachukulia kwamba una QWERTY, mpangilio wa kibodi za Kiingereza. Hilo si sababu ya kukiacha; kata kipande cha karatasi, andika alama hizi sita: | \ ~ # { @ pamoja na vitufe vyake kwenye mashine yako, ukibandike chini ya skrini. Kikiwa kitabu cha Kifaransa, angalia kama mwandishi ameeleza AltGr hata mara moja. Aliyeeleza alimkumbuka anayeanza.

Hatua ya 3: Lugha ya kitabu na lugha ya skrini ziwe moja

Utakavyokuta mjini ni vitabu vya Kifaransa, na vichache vya Kiingereza vinavyopita Kasumbalesa kutoka upande wa Zambia. Chagua lugha unayoisoma bila kusimama kila mstari. Najua wapo wanaosema anayetaka kompyuta lazima asome Kiingereza. Amri zenyewe ni zile zile kwa lugha zote, na mtu anayepigana na sarufi na terminali kwa wakati mmoja huchoka mapema. Kama ulisoma shule kwa Kifaransa, anza na Kifaransa. Kiingereza cha Linux kitakuingia taratibu kupitia majina ya amri.

Lakini ukishachagua, sakinisha mfumo kwa lugha ya kitabu. Kitabu kikisema fungua «Paramètres» na skrini yako inasema «Settings», kila ukurasa utakugharimu dakika za kutafuta. Kama tayari mfumo uko kwa Kifaransa na kitabu ni cha Kiingereza, kuna njia nzuri ya kulinganisha ujumbe wa makosa: andika LC_ALL=C mbele ya amri, kwa mfano LC_ALL=C ls /haipo, na jibu litatoka kwa Kiingereza kama lilivyo kitabuni. Na ukiweka kifurushi kinachoitwa manpages-fr, sehemu kubwa ya kurasa za msaada zinazofunguliwa kwa amri ya man utazisoma kwa Kifaransa, bila intaneti.

Hatua ya 4: Umri wa kitabu

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, na pia ndipo mtu anaweza kupata kitu cha thamani kwa bei ndogo. Tuchukue muda.

Fungua ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, utafute mwaka wa kuchapwa na toleo la mfumo. Ubuntu huhesabu matoleo yake kwa mwaka na mwezi: 24.04 ni Aprili 2024. Yale yenye herufi LTS, yaani ya msaada wa muda mrefu, hutoka kila baada ya miaka 2, mwezi wa Aprili, na hupata masasisho ya kawaida kwa miaka 5. Yale ya katikati hupata miezi 9 tu. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya toleo la miezi 9 hakina sababu ya kuuzwa kwa bei ya kitabu kipya.

Wakati mwingine ukurasa wa mwaka umechanika. Basi soma alama zilizo ndani. Kikitaja Unity kama mazingira ya Ubuntu, kimeandikwa kati ya 2011 na 2017, kwa sababu Ubuntu ilirudi kwenye mazingira ya GNOME Oktoba 2017. Kikiita kadi ya mtandao eth0 kila mahali, ni cha zamani; mashine ya leo itakuonyesha jina kama enp3s0, na wifi kama wlp2s0. Kikikufundisha ifconfig bila kutaja ip, vivyo hivyo. Kikiwasha na kuzima huduma kwa kupitia /etc/init.d bila neno lolote kuhusu systemctl, kimetangulia mwaka 2015, mwaka ambao Debian 8 na Ubuntu 15.04 zilihamia systemd, mfumo wa kusimamia huduma unaotumia amri hiyo ya systemctl. Na kikifundisha Python kwa kuandika print bila mabano, hiyo ni Python 2, ambayo msaada wake ulifungwa tarehe 1 Januari 2020.

Je, kitabu chenye alama hizo kitupwe? Inategemea kina nini zaidi. Sehemu za Linux hazizeeki kwa mwendo mmoja. Madirisha, menyu, kisakinishi na mipangilio ya mtandao hubadilika kila baada ya miaka michache. Terminali hubadilika polepole mno: ls, cp, mv na grep zilitoka kwenye Unix ya miaka ya 1970, na anayezijua kwa kitabu cha 2009 anazijua za leo. Kwa hiyo pitia kurasa zote kwa kidole gumba. Ukiona picha za skrini ndizo nyingi na kitabu kina miaka zaidi ya sita, kirudishe hata kama ni cha faranga kidogo. Ukiona theluthi mbili ni mistari ya amri, na maelezo yake unayaelewa, mwombe muuzaji apunguze bei kwa sababu ya umri, ukichukue. Sura ya kusakinisha utaisoma kwingine.

Ile DVD iliyobandikwa nyuma ya vitabu vya zamani isikuvutie. Ubuntu iliyokoma kuhudumiwa huhamishiwa kwenye hazina ya matoleo ya zamani. Ukijaribu kuweka programu utapata jibu la 404 (faili halikupatikana) kila mara, na mashine haitapata marekebisho ya usalama.

Hatua ya 5: Kifungue pale pale kabla ya kulipa

Muuzaji anayepanga vitabu kando ya barabara mjini hakatai ukimwomba kwa heshima: «Papa, naomba nifungue kidogo, nitasoma kurasa chache kisha tuongee bei.» Usisome utangulizi. Nenda kwenye mahali panne.

Kwanza, ukurasa ambapo amri inaonekana kwa mara ya kwanza. Vitabu huweka alama ya $ au # mwanzoni mwa mstari kuonyesha kwamba terminali inasubiri. Je, mwandishi amesema wazi kwamba alama hiyo haiandikwi? Asiyejua ataandika $ ls na kupata kosa. Akiandika # mbele, mstari mzima unageuka maelezo na hakuna kinachotendeka, hata kosa halitoki. Tazama pia sudo, amri ya kutenda kama msimamizi wa mashine, inapoanza: kwenye Debian, kwa mfano, unapoandika neno la siri hakuna herufi wala nyota inayoonekana. Nimeona watu wakidhani kibodi imekufa. Mwandishi anayemjali anayeanza huandika sentensi moja tu juu ya hilo, na sentensi hiyo inaokoa jioni nzima.

Pili, sura ya ruhusa za mafaili. Tafuta chmod. Kitabu kizuri kinaeleza kwanza herufi tatu, r ya kusoma, w ya kuandika, x ya kutekeleza, kisha kinaonyesha kwamba zina thamani 4, 2 na 1, ndipo kinafika kwenye 755: mwenye faili ana 4+2+1, wengine wana 4+1. Kitabu kinachokurushia namba bila hesabu hiyo kinakufundisha kukariri. Na kitabu kinachotoa chmod 777 kama dawa ya kila tatizo, kifunge.

Tatu, tafuta rm. Amri hii haipeleki kitu kwenye pipa la taka. Inafuta moja kwa moja. Kati ya rm -r kazi/* na rm -r kazi /* kuna nafasi moja tu, lakini ya pili inaanza kufuta kila kitu unachoruhusiwa kufuta kwenye diski nzima, mafaili yako yote ya nyumbani yakiwemo. Nataka kuona onyo kabla ya mfano, na zoezi linalofanyika ndani ya folda ya majaribio. Mwandishi asiyeonya hapa, sitamwamini kwenye kugawanya diski.

Nne, na kwetu hili nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote: fungua faharasa mwishoni, utafute kitabu kinasema nini umeme ukikatika katikati ya kusasisha. Amri ya kwanza ya kurekebisha kwenye Debian, Ubuntu na Mint ni sudo dpkg --configure -a, ikifuatwa na sudo apt --fix-broken install. Kama dpkg na apt zipo kwenye faharasa, na ukurasa wake unazungumzia kazi iliyokatizwa, mwandishi ameishi na mashine zinazoharibika. Kama kitabu hakina faharasa kabisa, kitakufaa kusoma mara moja, lakini siku ya tatizo hakitakusaidia kupata jibu haraka.

Ukikuta ni fotokopi, kagua mistari ya amri kwa macho makali. Pambizo la kulia hukatwa, na mwisho wa amri hupotea nao. Vistari viwili -- huungana vikaonekana kimoja kirefu. Herufi ndogo l na tarakimu 1 hazitofautiki. Kwenye riwaya ungebahatisha maana; kwenye amri huwezi.

Hatua ya 6: Karatasi au PDF

PDF zipo za bure na za halali, na mbili nazitaja kwa sababu nimeona zinawafikisha watu mbali. Ya kwanza ni The Linux Command Line ya William Shotts, ya Kiingereza, ambayo mwandishi anaigawa bure kwa leseni ya Creative Commons; unaruhusiwa kuinakili na kumpa rafiki ilivyo, mradi usiiuze. Ina sehemu nne, na sehemu ya kwanza peke yake inamtosha anayeanza kwa majuma mengi. Ya pili ni kitabu cha Debian cha Raphaël Hertzog na Roland Mas. Kilianza kwa Kifaransa, na kinapatikana hata kama kifurushi: sudo apt install debian-handbook. Hicho kinamlenga msimamizi wa mifumo. Kiweke kwa mwaka wa pili.

Kama unatumia PDF, isome kwenye simu, na kompyuta ibaki kwa mazoezi. Kubadilisha madirisha kwenye skrini ndogo kunachosha. Na usinakili amri kutoka PDF kwa kubandika: vistari na alama za nukuu hubadilika njiani. Andika kwa mkono, vidole vijifunze.

Karatasi ina faida yake pale ambapo umeme haupo jioni: laptopi ina saa mbili za betri, unasoma sura kwa mshumaa au taa ya sola, kisha unawasha mashine kwa zoezi tu. Ukiwa na PDF ya kurasa mamia, chapisha sura za mwanzo pekee kwenye moja ya vibanda vya fotokopi karibu na UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, uone kama utazimaliza.

Halafu kuna mega. Pitia mazoezi ya sura tano za mwanzo uhesabu mangapi yanaanza kwa apt install. Kitabu kinachokutaka upakue programu kila ukurasa kitameza forfait yako (kifurushi cha intaneti) kabla hujafika katikati. Kile kinachotumia vilivyomo tayari kwenye mfumo, yaani terminali, kihariri cha nano, mafaili ya /etc, kinakwenda na hali yetu. Mfumo wenyewe uchukue kwa fleshi kutoka kwa mtu aliyekwisha kuupakua, maana faili la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6 na la Mint 22 halifiki GB 3. Ukilipokea, endesha sha256sum, amri inayotoa namba ya kuhakikisha faili ni zima, juu yake na ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti rasmi. Kulinganisha huko kunatumia data kidogo sana.

Hatua ya 7: Azima kwanza, kisha nunua

Kabla ya kutoa dola, uliza wanafunzi wa informatiki waliomaliza UNILU. Wengi wana vitabu vya mwaka wa kwanza ambavyo hawavigusi tena. Pita pia kwenye maktaba ya Institut français, pale Halle de l'Étoile, uulize walicho nacho kuhusu kompyuta.

Ukipata kitabu kwa mkopo, kifanyie jaribio hili. Washa Linux kutoka kwenye fleshi bila kusakinisha, ile hali ya kujaribu ambayo Ubuntu na Mint zinatoa, ili Windows na mafaili yako yabaki salama. Fanya sura mbili za mwanzo, kila zoezi, bila kuruka. Andika daftarini kila mahali ulipokwama, na kando yake uandike kama kitabu chenyewe kilikutoa. Ukikwama mara nyingi na kila mara ukatolewa na rafiki au intaneti, rudisha kitabu, jaribu kingine. Ukikwama na kurasa mbili mbele mwandishi akakujibu, kitafute ukinunue.

Vitabu vya kuandalia mitihani ya cheti cha Linux, ya LPIC-1 au ya Red Hat, viache kwa sasa, hata kama ndoto yako ni kazi ya seva kwenye kampuni ya madini au benki. Vinafuata orodha ya maswali ya mtihani na vinachukulia kwamba umeshaizoea terminali. Na kama mko wawili mnaoanza pamoja mtaani, msinunue kitabu kimoja mara mbili: mmoja achukue cha mazingira ya skrini cha toleo jipya, mwingine achukue cha terminali hata kiwe cha zamani, mbadilishane kila mwisho wa mwezi.